Upondo, mtumbwi na matofali ya nyuso sita

Kitenzi kuchongoka hakisemi kila kitu. Ukimwambia mvuvi kwamba upondo wa kusukumia mtumbwi umechongoka, anakuelewa na mazungumzo yanaendelea. Ukimwambia mhandisi anayetaka kuuingiza upondo huo ndani ya kompyuta, atakuuliza papo hapo: umechongoka hadi wapi? Hadi ncha isiyo na upana wowote, kama ya sindano? Au unapungua unene tu, na mwishoni unabaki na uso mdogo wa mviringo? Kwa mvuvi tofauti hiyo ni ya milimita chache. Kwa kompyuta ni tofauti kati ya hesabu inayokwenda na hesabu inayogoma.

Makala haya yanaeleza kwa nini iko hivyo. Yanatoka katika kitivo cha lugha, wala si cha uhandisi, kwa sababu ambayo kila msomaji wetu anaijua. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, lakini kazi karibu zote za ufundi wa hesabu nchini hufanyika kwa Kifaransa. Siku moja mmoja wetu atawekewa mezani maandishi yenye maneno maillage hexaédrique structuré na kuombwa ayatie katika Kiswahili. Akitafsiri neno kwa neno bila kujua kitu chenyewe, atatoa sentensi isiyo na kosa la sarufi na isiyomfaa mtu yeyote.

Nimeichagua Mulongo, katika jimbo la Haut-Lomami ambalo makao yake makuu ni Kamina, kwa kuwa pale maumbo tutakayoyazungumzia hayahitaji kuchorwa ubaoni. Mji uko kwenye mto Lualaba, katika kile kipande kirefu cha maji kinachopitika kwa chombo kutoka Bukama, ambako reli ilifika mwaka 1918, hadi Kongolo. Juu yake kuna maziwa ya Upemba na Kisale. Mvuvi, mchuuzi wa samaki wakavu na mama anayevuka kwenda shambani wote wanaujua mtumbwi uliochongwa katika gogo moja, ambao Kiluba, sawa na Lingala, huuita bwato. Mtumbwi huo ni mnene katikati na mwembamba miisho yote miwili. Upondo ni mnene chini na mwembamba juu. Yote mawili ni maumbo yanayochongoka, na kila moja linachongoka kwa namna yake.

Kwanza, kwa nini kuligawa umbo?

Tuseme tunataka kujua mtumbwi uliopakiwa magunia ya mahindi unaumia wapi: mti unavutwa wapi, unabanwa wapi, na ufa utaanzia wapi. Hakuna kanuni moja inayoweza kujibu hayo kwa umbo zima, maana umbo lenyewe halina jina katika jiometri. Lakini ukiligawa katika vipande vidogo, kila kipande kina umbo rahisi kiasi cha kuandikiwa milinganyo yake, na vipande vinaunganishwa mahali vinapogusana. Wazo hilo lilishika nguvu katika uundaji wa ndege. Mwaka 1956 Turner, Clough, Martin na Topp walichapisha makala juu ya ugumu wa miundo ya ndege. Mwaka 1960 Ray Clough akaipa mbinu hiyo jina lake, elementi zenye kikomo, na mwaka 1962 yeye na Edward Wilson wakaitumia kuchunguza bwawa la Norfork huko Arkansas, ambalo zege lake lilikuwa na ufa. Kwa hiyo tangu mwanzo mbinu hii imekuwa ikiulizwa swali lile lile ambalo mwenye mtumbwi angeliuliza.

Maneno ya Kifaransa ya fani hii yametoka kwa wavuvi, na hilo ni jambo la kutufurahisha. Maille ni tundu la wavu, neno lililotokana na Kilatini macula. Nœud, mahali vipande vinapokutana, ni fundo. Sisi hatuna haja ya kukopa: wavu una matundu na mafundo, na mtu wa Mulongo anajua kwamba tundu kubwa linapitisha samaki mdogo. Katika hesabu pia tundu kubwa linapitisha kitu, yaani habari ndogo ndogo za mahali ambapo mti unaumia kweli.

Wavu wa uvuvi, hata hivyo, ni kitu bapa. Mtumbwi una unene. Hapo ndipo mfano wa wavu unapotuacha na tunahitaji mfano wa mwashi. Kipande chetu ni tofali: lina nyuso 6, kingo 12 na kona 8. Tofauti na lile la tanuruni, tofali hili linaruhusiwa kulala upande, kupanuka mwisho mmoja, hata kujipinda kidogo, almradi nyuso zake zibaki sita na kila uso uwe na kona nne. Ndilo ambalo vitabu vya Kifaransa huliita hexaèdre. Kwa Kiswahili tunaweza kusema gimba la nyuso sita. Katika makala haya nitasema tofali tu, kwa kuwa mwashi anaelewa na mhandisi hadhuriki.

Mpangilio wenye anwani

Matofali yanaweza kujaza umbo kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ya ukuta uliojengwa vizuri: kila tofali lina anwani ya namba tatu, safu ya ngapi kwa urefu, ya ngapi kwa upana, na tabaka la ngapi kwa kimo. Tofali la anwani 7, 3, 2 linajua bila kuuliza kwamba jirani yake wa mbele ni 8, 3, 2 na wa juu ni 7, 3, 3. Namna ya pili ni ya kifusi: vipande vinajaza nafasi, lakini ili kujua nani anamgusa nani ni lazima kuweka orodha ndefu. Mwanafunzi wa mofolojia ataitambua tofauti hii haraka. Wingi wa kitabu hauhitaji kuandikwa kwenye kamusi, ngeli inautoa yenyewe. Lakini ngeli ya nomino iliyokopwa, ambayo mtu husema gari hili na mwingine gari hii, lazima kamusi iandike. Wavu wenye mpangilio ni ule ambao sarufi yake inatosha bila orodha.

Kuna anayesema: mbona kompyuta inaweza kujaza umbo lolote kwa piramidi za nyuso nne, yenyewe, bila mtu kuhangaika? Ni kweli. Mchemraba mmoja hukatwa katika piramidi hizo tano kwa uchache, na programu za kufanya hivyo ni nyingi na hazichoki. Lakini ili kupata jibu la ubora ule ule, mara nyingi piramidi zinahitajika nyingi zaidi kuliko matofali, na za aina iliyo rahisi kabisa hujifanya ngumu kuliko mti wenyewe mtumbwi unapojipinda. Kwa umbo refu na jembamba kama upondo, matofali yaliyolala kwa urefu ndiyo yanayofaa. Gharama yake ni kwamba lazima mtu afikiri kabla ya kuiachia mashine.

Upondo

Tuchukue upondo wa mita 4, wenye kipenyo cha sentimita 6 chini na sentimita 3 juu. Ukikatwa popote, mkato ni duara. Tatizo la kwanza ni hilo: duara halina kona, na tofali haliwezi kukaa bila kona. Ukilazimisha duara liwe mraba mmoja uliovimba, utapata mahali pane ambapo kona ya tofali imenyooshwa hadi kuwa karibu mstari. Dawa inayotumika ni kuchora mraba mdogo katikati ya duara, kisha kuunganisha kona zake nne na mzingo. Sasa duara lina bloku tano: moja ya mraba katikati, na nne zinazoizunguka kama ukingo wa sinia. Kila bloku ina pande nne na inakubali matofali.

Tugawe mraba wa katikati 4 kwa 4, tupate 16. Kila bloku ya pembeni tuigawe 4 kufuata mzingo na 3 kutoka ndani kwenda nje, yaani 12. Bloku nne zinatoa 48. Jumla ni matofali 64 kwa kila mkato. Tukiugawa urefu wa upondo mara 40, tunapata matofali 2,560. Angalia kwamba hakuna mahali ambapo idadi inabadilika. Chini kabisa kuna 64, juu kabisa kuna 64. Upondo unapopungua unene, matofali hayapungui kwa hesabu, yanapungua kwa ukubwa. Hili ndilo jambo moja la kulishika kuhusu wavu wenye mpangilio ndani ya umbo linalochongoka, na mengine yote yanatokana nalo.

Sasa tuangalie sura ya matofali hayo. Kwenye mzingo yako 16. Chini mzingo ni kama sentimita 18.8, hivyo kila tofali lina upana wa sentimita 1.18. Juu mzingo ni nusu yake, upana ni sentimita 0.59. Urefu wa kila tofali, tukigawa sawa sawa, ni sentimita 10. Basi chini tofali lina urefu wa mara nane na nusu ya upana wake, na juu mara kumi na saba. Tofali la chini ni tofali, la juu ni kijiti. Vijiti haviharibu hesabu mara moja, ila vinaifanya isiwe na uwiano: upande mmoja wa upondo unapimwa kwa jicho kali kuliko mwingine, na hakuna aliyeamua iwe hivyo.

Tunarekebisha kwa kuufanya urefu nao upungue. Badala ya sentimita 10 kila mahali, kila tabaka liwe fupi kuliko lililotangulia kwa uwiano ule ule, mara 0.983. Tabaka la kwanza litakuwa na sentimita 13.7, la arubaini sentimita 7.0. Ukipiga hesabu utaona kwamba sasa tofali la kwanza na la mwisho yote yana urefu wa karibu mara 12 ya upana. Umbo la tofali limebaki lile lile kutoka chini hadi juu, ila ujazo wake umeshuka hadi karibu sehemu moja ya nane. Ni kama picha ile ile inayorudiwa kwa kipimo kinachopungua. Programu za kazi hii zina neno maalumu la kuamuru uwiano huo. Katika Gmsh, programu ya bure iliyotungwa Ubelgiji na Christophe Geuzaine wa Liège na Jean-François Remacle wa Louvain, unautaja ukingo, idadi ya mafundo yake na uwiano, basi.

Ndani ya bloku mafundo yanajipanga vipi? Hapa kuna ufundi mzuri ambao Steven Coons alikuwa ameueleza kwa nyuso mwaka 1967, na ambao William Gordon na Charles Hall waliuandikia nadharia ya kutengeneza nyavu mwaka 1973. Unajua kingo tu. Fundo lolote la ndani unalipata kwa kuangalia pande mbili za kushoto na kulia na kuchukua mahali pa kati kulingana na umbali, kisha kufanya vivyo hivyo kwa juu na chini, na kujumlisha majibu mawili. Lakini kona zimehesabiwa mara mbili, kwa hiyo mchango wake unatolewa mara moja. Kinachobaki ni wavu unaofuata kingo zote nne bila kuziacha hata kidogo. Kwa bloku yenye unene njia ni ile ile, ila pande ni sita na marekebisho ya kuhesabu mara mbili ni mengi zaidi.

Ncha

Turudi kwenye swali la mwanzo. Tumeuacha upondo wetu na uso wa sentimita 3 juu. Je, kama ungechongoka hadi ncha?

Matabaka 40 yalitushusha kutoka kipenyo cha 6 hadi 3. Tukiendelea kwa uwiano ule ule, matabaka 40 mengine yatatufikisha 1.5, mengine 40 yatatufikisha 0.75, na kadhalika. Kila matabaka 40 yanakata nusu ya kilichobaki. Ncha haifikiwi. Ukitaka kila tofali libaki na umbo lake, upondo wenye ncha kamili unadai matofali yasiyo na mwisho. Mwanafunzi aliyesoma falsafa atamkumbuka Zeno na kobe wake, na hatakuwa amekosea.

Kwa hiyo lazima mtu avunje sharti mojawapo. Anaweza kuzibana kona zote za uso wa mwisho mahali pamoja. Hapo matofali 64 ya tabaka la mwisho yanapoteza uso mmoja kila moja, yanakuwa piramidi, na yote 64 yanakutana kwenye fundo moja. Kwa jina bado ni matofali, maana programu inaorodhesha kona nane, ila nne kati ya hizo zina namba moja. Anaweza pia kuikata ncha: aache uso mdogo, milimita chache, na kusema wazi kwamba amefanya hivyo. Na anaweza, kama ncha ni ya mviringo kama kidole, kubadili mpangilio wa bloku mwishoni. Bloku ya katikati inasimama kabla ya kufika mwisho, na bloku moja ya ziada inalala juu yake kama kofia, ikiungana na zile nne za pembeni zinazopinda kuifuata. Wasuka vikapu hufanya jambo la jinsi hiyo kwenye kitako cha kikapu. Hawazilazimishi miaa zote zikutane katika nukta moja, wanaanza na mraba kisha wanapandisha pembeni.

Mimi naiona njia ya tatu kuwa bora kila inapowezekana, na ya pili kuwa ya haki. Ya kwanza inavutia kwa kuwa ni rahisi, lakini inaficha kitu. Ili kukiona kitu hicho, lazima tujue kompyuta inalipimaje tofali.

Kila tofali lililopinda linachukuliwa kuwa ni mchemraba kamili uliofinyangwa. Katika kila kona kuna namba inayosema ujazo mdogo wa pale umekuzwa au umebanwa mara ngapi. Inatokana na kazi ya Carl Jacobi, mwanahisabati Mjerumani wa karne ya 19, na hubeba jina lake. Namba hiyo ikiwa chanya, kona iko salama. Ikiwa sifuri, kona imelala bapa. Ikiwa hasi, tofali limegeuzwa ndani nje, kama mfuko wa suruali, na hesabu haina maana tena. Kwenye piramidi zetu 64, namba hiyo ni sifuri kabisa pale nchani. Programu nyingi hazilalamiki, kwa sababu hazipimi kwenye kona bali kwenye nukta za ndani ya tofali, na huko namba bado ni chanya. Jibu linatoka, rangi zinapendeza, na mahali penye ncha, pale pale ambapo mtu alitaka kujua, thamani si za kuaminika.

Namba hasi ina chanzo kingine ambacho kitawachekesha wenzangu wa sintaksia. Katika programu kama OpenFOAM, bloku hutajwa kwa kuorodhesha kona zake nane, na mpangilio wa maneno una maana. Kona nne za uso wa chini zinatajwa kwa kuzunguka upande mmoja uliokubaliwa, kisha nne za juu kwa kuanzia juu ya ile ya kwanza na kuzunguka vile vile. Ukibadilishana mbili tu, sentensi bado ina maneno yale yale, lakini tofali limejikunja. Hakuna lugha ninayoijua ambayo ina ukali huo katika mpangilio.

Kabla ya mtumbwi, tutaje umbo moja kubwa linalopungua unene bila kuwa na ncha, maana wengi wetu tumelisikia: ukuta wa bwawa la Kariba kwenye mto Zambezi, uliojengwa kati ya 1955 na 1959 kwa mchoro wa Mfaransa André Coyne. Kimo chake ni mita 128. Chini una unene wa mita 24, juu mita 13. Ukiugawa unene katika matabaka 6, tofali la chini lina mita 4 na la juu mita 2 na kidogo. Hakuna shida yoyote kwa unene. Shida iko kwenye urefu, kwa kuwa bonde linabana chini: idadi ya matofali kutoka ukingo hadi ukingo ikibaki moja, yale ya chini yanasongamana. Umbo moja linaweza kuchongoka kwa namna mbili kwa wakati mmoja.

Mtumbwi

Mtumbwi unaonekana mgumu kuliko upondo kwa sababu una uwazi. Ukianza na uwazi huo, utahangaika. Ubao wa kulia, wa kushoto na wa chini unaweza kufikiriwa kama mkeka mnene uliokunjwa kwa umbo la herufi U, na katikati ya mtumbwi mkeka huo unagawanyika vizuri. Lakini kwenye omo na kwenye tezi, mbele na nyuma, kuta mbili zinakutana, uwazi unakwisha na mti unabaki mzima. Mkeka unalazimika kujifunga juu ya kitu ambacho si mkeka.

Fundi seremala hafanyi hivyo. Anaanza na gogo zima, analichonga nje lipate sura, kisha analichimba ndani. Wavu unapaswa kufuata utaratibu huo huo. Chukua gogo zima na uligawe kwa bloku nne katika mkato: moja ya katikati inayofika juu, moja kushoto, moja kulia, moja chini. Bloku ya kushoto na ya chini zinakutana kwenye mstari wa mshazari, na kulia vivyo hivyo, kama tulivyofanya kwenye upondo. Tuseme ya katikati ina matofali 8 kwa 6, yaani 48, za pembeni zina 3 kwa 6 kila moja, yaani 36 kwa pamoja, na ya chini ina 8 kwa 3, yaani 24. Mkato mzima una 108. Kwa urefu weka matabaka 10 kwenye omo, 60 katikati, 10 kwenye tezi. Gogo lina matofali 8,640.

Sasa chimba. Katika yale matabaka 60 ya katikati, futa bloku ya katikati: 48 mara 60 ni 2,880. Yanabaki 5,760, na huo ndio mtumbwi. Kwenye omo na tezi bloku ya katikati haikufutwa, kwa hiyo mti uko mzima pale. Ukuta na omo vimeshikana fundo kwa fundo bila kuviunganisha, kwa sababu vilizaliwa katika gogo moja. Sijaona maelezo ya somo hili yaliyo wazi kuliko kazi ya shoka na tezo.

Omo yenyewe inabaki na swali lile la ncha. Mtumbwi wa kuchonga hauishii kwenye sindano, maana mti mwembamba mno ungepasuka kwa pigo la kwanza la gati. Una uso butu wa vidole kadhaa, na uso huo unatosha. Matofali yanabanana pale lakini hayafi. Mtu akiuchora mtumbwi wenye omo kali kama kisu, ambapo kuta mbili zinakutana kwenye mstari wa wima, kila tofali la pale litapoteza uso mmoja na kuwa kabari. Kabari si piramidi: imebanwa kwenye mstari, si kwenye nukta, na kompyuta huivumilia zaidi. Lakini huo utakuwa mtumbwi wa mchoraji.

Majina

Tumefika mahali tunapoweza kudai haki yetu kama watu wa lugha. Kiswahili cha shule kina hazina nzuri ya maumbo, hasa tangu Tanzania ilipoanza kufundisha shule za msingi kwa Kiswahili mwaka 1967. Mche ni lile gimba lenye mkato mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na anayejua mche wa sabuni anajua maana yake bila mwalimu. Pia ni ile chombo ya watoto inayozungushwa kwa uzi, ikapewa kazi ya kutaja umbo la duara linalokwisha nchani. Lakini upondo wetu si mche, kwa kuwa unapungua, wala si pia, kwa kuwa haufiki ncha. Vitabu husema pia iliyokatwa. Kifaransa husema tronc de cône, na tronc ni gogo. Gogo la pia lingekuwa jina fupi na lenye kuonekana. Ningelipendekeza bila aibu.

Kuhusu kitenzi, ninashauri mtafsiri asiache kuchongoka peke yake katika maandishi ya ufundi. Aseme kuchongoka hadi ncha, au kuchongoka butu. Kifaransa nacho kinateleza hapa, kwa kuwa effilé haisemi mwisho ukoje, na mtafsiri hana budi kuuangalia mchoro au kumuuliza mhandisi. Neno moja la nyongeza linamwambia msomaji kama atafute kofia ya bloku au aendelee na safu zake.

Liko neno lingine ambalo halina budi kutenganishwa, na ni la hatari zaidi: mwelekeo. Mti una nyuzi. Una nguvu ukivutwa kufuata nyuzi, na ni dhaifu ukivutwa kuzikata. Yeyote aliyepasua kuni anajua. Katikati ya mtumbwi, matofali yanalala kwa urefu na nyuzi zinalala kwa urefu, kwa hiyo mtu anaweza kuiambia kompyuta kwamba upande mrefu wa tofali ndio upande wa nyuzi. Wengi huamuru hivyo kwa mtumbwi mzima, maana ni amri moja. Lakini kwenye omo mistari ya matofali inapinda kuelekea mbele ikifuata umbo, ilhali nyuzi za mti hazikupinda. Mti ulikua umenyooka na fundi ameukata kwa mshazari. Kompyuta iliyoambiwa kwamba nyuzi zinafuata matofali itaiona omo kuwa na nguvu isiyokuwa nayo, na itatangaza usalama pale ambapo ufa huanzia. Kwa hiyo mwelekeo wa tofali na mwelekeo wa nyuzi vinahitaji majina mawili hata pale vinapolingana, na katika programu nyuzi hupewa mhimili wake wenyewe, ulionyooka kutoka tezi hadi omo, usiojali matofali yamepindia wapi.